Mti wa Kushoto wa Bibi Daforoza

Nakumbuka vizuri asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nilipoingia kambini na karatasi zangu zimeviringishwa kwapani, kichwa kimenivimba kwa sifa, nikienda kumkabidhi mwanamke mzee mti wake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilijua kabisa kwamba nitapigiwa vigelegele. Kabla ya saa sita nilikuwa nimekaa kwenye gunia la dagaa la shangazi yangu, nimeinamisha uso, sitaki mtu anisemeshe. Umekuja kwangu ukitaka nikufundishe kazi, nami simfundishi mtu kabla hajasikia jinsi nilivyoaibika. Kwa hiyo kaa. Weka hiyo simu chini kwanza, haitakimbia.

Hapa Bangwe wananiita Bibi Miti, hata watoto wasionijua jina. Jina langu ni Tausi, nimezaliwa Mwamgongo, na tangu nikiwa mdogo sikupenda kuchora kitu kingine zaidi ya miti. Mama akinituma kugeuza dagaa mchangani, alikuwa akinikuta nimechora mchikichi kwa kijiti na dagaa wameliwa na kunguru. Nilichapwa kwa ajili ya miti, na sikuacha. Watu wana nyuso, najua, na nyuso ni nzuri, lakini uso unakaa mbele yako dakika mbili unaanza kulalamika. Mti unakaa.

Kazi yenyewe nilifundishwa Ujiji na Mzee Kasimu, fundi wa Kimanyema aliyejifunza ng'ambo ya ziwa, kwenye karakana moja ya Kongo walimokuwa wakichapa nembo kwa sahani za shaba. Shaba hatukuwa nayo. Tulitumia bati la alumini, lile la mafundi sufuria. Unalisugua mpaka ling'ae, unalipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na lami na ubani, unalifukiza moshi wa kibatari mpaka nta iwe nyeusi. Hapo ndipo unachora, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kila unapopita, nta inatoka na bati linaonekana. Kisha unalilaza kwenye beseni la mrututu na chumvi, mrututu huo huo wakulima wa kahawa wanaopulizia mashamba yao, nao unakula bati pale tu ulipochora. Wewe kazi yako ni kupitisha unyoya wa kuku polepole kuondoa povu, na kuwa na subira. Ukishasafisha nta kwa mafuta ya taa, unapaka wino, unafuta kwa kipande cha chandarua, wino unabaki ndani ya mistari. Unaweka karatasi mbichi juu yake, unapitisha kwenye mashine. Mashine yetu ilikuwa ya kukamulia mashuka, chuma kitupu, Mzee Kasimu aliipata ikiwa imetupwa akaitengeneza upya. Ukiinua karatasi, mti upo.

Sasa sikiliza jambo moja, maana habari yote imesimama hapo. Kinachotoka kwenye karatasi kimegeuka. Ulichochora kulia mwa bati kinatokea kushoto mwa karatasi. Hata simu yako inapokupiga picha kwa mbele inafanya mchezo kama huo, ukajiona na kipini kwenye pua upande usio wake. Ndiyo maana Mzee Kasimu alinifundisha kuweka kioo. Unachora kwanza kwa penseli kwenye karatasi, unaisimamisha mbele ya kioo, kisha unanakili kwenye bati ile picha iliyo ndani ya kioo. Bati linakuwa kinyume, karatasi inatoka sawa. Ni kazi ya kuumiza shingo na macho.

Mwaka wa kwanza nilitumia kioo. Mwaka wa pili nikakiacha. Niliona kioo ni kwa ajili ya herufi tu, maana herufi zikigeuka kila mtu anaona. Mti ukigeuka nani ataona? Wageni walionunua michoro yangu hawakuijua ile miti. Nilichora mninga wa njia ya Kidahwe, ukatoka kinyume, ukanunuliwa na kusifiwa. Nilichora michikichi ya nyuma ya kwetu, ikatoka kinyume, ikasifiwa zaidi. Mzee Kasimu akiniuliza, "Tausi, kioo kiko wapi?" namjibu kwa adabu zote, "Kipo, Mzee," na kweli kilikuwepo, kimefunikwa na gazeti.

Miaka ile Kigoma yote ilikuwa imejaa ndugu zetu wa Burundi waliokimbia vita. Sisi Waha tulisikilizana nao bila mkalimani, wao kwa Kirundi chao, sisi kwa Kiha chetu, na Kiswahili katikati kwa shughuli za sokoni. Shangazi yangu alikuwa akipeleka mawese na dagaa kwenye soko la kambi moja upande wa Kasulu, nami nilimfuata kila Jumamosi. Yeye aliuza, mimi nilichora. Siku moja nilikuwa nachora mti uliobaki peke yake pale sokoni, mingine yote ilikuwa imekwisha kwa kuni, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa mwanamke mzee, mrefu, miguu imevimba, amejifunga kitenge kilichopauka lakini kisafi. Alitazama mpaka nilipomaliza.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, kisha akauliza, "Mukobwa," yaani msichana, "unachora na mti usiouona?"

"Ukinieleza, Bibi, nachora."

Hapo nilimjua Bibi Daforoza.

Nikueleze shida yake kama alivyonieleza mimi, amekaa kwenye gunia tupu, akichora vumbini kwa kijiti na kufuta kwa kiganja. Kwao, kilimani, mlango wa urugo wao, yaani boma lao, ulikuwa kati ya miti miwili ya umuvumu. Ni jamii ya mkuyu, ina utomvu mweupe, ukikata nguzo yake mbichi ukaichomeka ardhini inaota. Ukisimama barabarani ukitazama boma, mti wa kushoto aliuchomeka mume wake siku waliyojenga, na wa kulia ulichomekwa na shemeji yake. Kila mtu ardhi yake ilianzia kwenye mti wake. Miti ile ilikua pamoja na ilifanana sana, ila wa kushoto ulitupa tawi moja la chini kuelekea kushoto, upande wa kijito, na wa kulia ukatupa lake kuelekea kulia. Shemeji aliuza upande wake kwa watu wengine miaka mingi kabla ya vita. Vita ilipofika, mume wa Bibi Daforoza aliuawa. Bibi alimzika kwa msaada wa jirani mmoja, haraka haraka, chini ya lile tawi la kushoto, bila msalaba, bila jiwe, kisha akambeba mwanawe na kukimbia.

Mwana mwenyewe, Onesimo, wakati huo alikuwa na miaka mitano. Sasa alikuwa kijana mwenye ndevu, na malori ya kurudisha watu yalikuwa yameanza. Alikuwa amejiandikisha. Mama yake alikatazwa na daktari wa kambini kupanda lori kwa sababu ya ile miguu. Na kusubiri hawakuweza, kwa kuwa waliotangulia kurudi walikuwa tayari wanagawana mashamba yasiyo na watu.

"Wazee wa kilima chetu hawataki maneno," Bibi Daforoza aliniambia. "Watamwambia, nenda mwenyewe, weka mkono kwenye mti wa baba yako. Akiweka mkono pale, basi, watamwachia. Akiweka kwa mwingine, atakuwa amekwenda kunyang'anya ardhi ya watu, na huyo mtoto watamfukuza kwa mapanga. Nimemweleza mara nyingi. Anasema ego, ndiyo mama, nimeelewa. Lakini nikimuuliza kesho, ananiambia vingine. Anachokumbuka yeye ni mbuzi."

Onesimo alikuwa amekaa kando, akacheka kwa haya. "Kweli, mimi nakumbuka mbuzi," akasema. "Alikuwa na pembe moja."

Basi tukafanya kazi Jumamosi tatu mfululizo. Nilimuuliza Bibi juu ya gome, akaniambia lina mikunjo kama goti la ng'ombe. Nilimuuliza juu ya mizizi, akaniambia mmoja ulitoka juu ya ardhi, na hapo ndipo alipokaa kumenya maharage. Palikuwa na kovu ambapo mume wake alining'iniza mzinga wa nyuki na kamba ikakata gome. Nilichora kwa penseli, nikafuta, nikachora. Jumamosi ya tatu akaweka kiganja chake juu ya karatasi, akasema, "Ndiwo." Na penseli ile, mwanangu, ilikuwa sahihi. Tawi lilikuwa kushoto.

Nikaenda Ujiji nikauhamishia kwenye bati. Kioo sikukigusa. Sitakudanganya kwamba nilisahau. Nilikitazama pale kwenye gazeti lake, nikawaza ile kazi ya kupinda shingo siku mbili, nikasema moyoni kwamba mti hauna kulia wala kushoto, mti ni mti. Bati nikalilaza kwenye mrututu, likaliwa vizuri sana. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote niliyowahi kufanya. Mafundi wa jirani walikuja kuutazama, na mmoja akasema anaona kama majani yanatikisika. Nikachapa nakala kumi, nikakaza kilemba, nikaenda.

Bibi Daforoza aliichukua nakala kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamejaa pale, maana habari ya mti ilikuwa imeenea, na wote wakaanza kusema ni mzuri, ni mzuri sana. Yeye alilifuata tawi kwa kidole. Alitazama muda mrefu, kisha akainua macho, na kwa sauti ya chini kabisa akaniambia:

"Mukobwa, huu ni mti wa shemeji."

Nikatazama. Tawi lilikuwa kulia. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, mwanangu, kwa sababu la kioo lilikuwa uvivu tu, na uvivu husameheka. Mbele ya watu wale wote, badala ya kusema nimekosa, nikacheka. Nikasema, "Bibi, si mti ule ule? Ni upande tu umegeuka."

Hakunikaripia. Heri angenikaripia. Alivingirisha ile karatasi taratibu, akanirudishia mkononi, akasema, "Mume wangu yuko upande mmoja tu."

Onesimo akatazama chini. Nikaenda kukaa kwenye gunia la dagaa kama nilivyokwambia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na sikuwa na hasira na nafsi yangu, bado. Nilimkasirikia Bibi, nikamkasirikia shangazi kwa kunitazama, nikalikasirikia lori kwa vumbi. Ujana ndivyo ulivyo. Nilifika karakana nikamweleza Mzee Kasimu, nikitegemea atakuwa upande wangu, nikamaliza kwa kusema kwamba wazee wengine hawaridhiki.

Mzee Kasimu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Alikwenda penye kioo, akalitoa gazeti, akapuliza vumbi, akakisimamisha mezani mbele yangu.

"Lori linaondoka lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Leo Jumamosi," akasema, na akatoka nje kuswali. Hilo tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile nilimchukia kwa ajili hiyo. Lakini aliniacha na kioo, na ndani ya kioo nilijiona: kijana mwenye wino usoni, midomo imebenuka, amempotezea mwanamke mzee mume wake mara ya pili. Nikalia. Nililia kweli kweli, kisha nikanawa uso.

Ningeweza kulifanya bati la pili pale pale Ujiji, ile picha ya penseli nilikuwa nayo. Lakini niliogopa macho yangu mwenyewe. Nilitaka macho yake. Kwa hiyo alfajiri ya Jumapili nikafunga kioo kwenye blanketi, nikachukua bati lililokwisha kupakwa nta, nikapanda gari la kwanza. Pale Kidahwe liliharibika, tukakaa juani mpaka mchana, nami nimekipakata kile kioo kama mtoto mchanga. Abiria mmoja akaniuliza kama naenda kuolewa.

Bibi Daforoza alikuwa nje ya kibanda chake akichambua mchele. Nilipiga magoti. Nikasema, "Bibi, nimekosa. Nilikuwa mvivu, na baadaye nikawa na kiburi. Nimekuja kuuchora tena, na naomba ukae karibu yangu."

Akanitazama, akakitazama kioo. "Umekula?" akauliza.

Nilikula kwake ugali wa muhogo na maharage kwanza. Kisha tukaanza. Nilisimamisha ile picha ya penseli mbele ya kioo, na bati mapajani, nikachora kile kilichomo ndani ya kioo. Onesimo alishikilia kanga juu yetu jua lisiyeyushe nta. Tulifanya hivyo Jumapili jioni na Jumatatu kutwa. Mkono wangu ulikataa mara nyingi, maana ulizoea kwenda unakotaka wenyewe, na kila ulipokataa nilisimama nikapumua. Nilipomaliza, niligeuza bati likatazamane na kioo, nikamwita Bibi atazame ndani.

Mistari ilikuwa inang'aa kwenye ile nta nyeusi. Tawi lilikuwa kushoto, kovu la mzinga lilikuwa mahali pake, na mzizi wa kumenyea maharage ulikuwa mahali pake. Bibi Daforoza aliinama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa ncha ya kitenge.

"Onesimo," akamwita mwanawe. "Njoo umwamkie baba yako."

Mwanangu, nimesifiwa sana maishani, na watu wa mbali wamenipigia makofi. Hakuna sifa iliyowahi kunifikia kama ile.

Jumanne nilikuwa Ujiji. Mzee Kasimu alikuwa amekwisha kuchanganya mrututu na kulowesha karatasi. Nilipitisha unyoya, yeye akahesabu dakika. Nakala ya kwanza ilipotoka kwenye mashine niliogopa kuiinua, akaniambia niinue, nikainua. Kushoto. Yule mzee, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti, alicheka mpaka akakohoa. Tukachapa nyingine, tukazikausha Jumatano, na zile kumi za kwanza nikazitia motoni mwenyewe bila kuambiwa.

Alhamisi asubuhi nilifika kambini malori yakiwa tayari yamepangwa. Onesimo alikuwa juu, na vigodoro na sufuria za watu, akiangaza macho. Nilimrushia karatasi iliyofungwa kwenye plastiki, akaidaka. Mama yake alikuwa amesimama kando, ameegemea fimbo. Hakulia. Alimwambia, "Barabarani, ukitazama boma. Kushoto." Na Onesimo akainua juu ule mkono wenye karatasi, akajibu, "Kushoto, mama." Walikuwa bado wanalisema neno hilo mpaka lori likapotea.

Kisha tukasubiri. Kusubiri kule sitaki kukusimulia, ilikuwa miezi. Nilikwenda kila Jumamosi, nikamkuta kila mara ameketi penye kivuli cha kibanda, nakala yake imetundikwa ndani juu ya mkeka wake. Hakuniuliza kama nina wasiwasi. Alikuwa akinisimulia juu ya miti mingine ya kilima chao, nami nikichora, kwa kioo, bila kukumbushwa. Majirani zake wakaanza kuja, mmoja baada ya mwingine. Huyu akasema, mimi kwetu kulikuwa na mti uliopasuliwa na radi. Yule akasema, mimi kwetu kulikuwa na mti wa maua mekundu penye kisima. Niliwachorea wote, na kila mmoja nilimuuliza kwanza: ulikuwa unasimama wapi ulipokuwa unautazama?

Siku Onesimo aliporudi, hakurudi na lori. Alikuja kwa boti ya wafanyabiashara kutoka upande wa Burundi, akashuka hapa Bangwe, na akaja moja kwa moja Ujiji kuniulizia kwa jina la yule anayechora miti. Alikuwa amenenepa kidogo. Mkononi alikuwa na kijiti kirefu kama mkono, kimefungwa kwenye maganda ya mgomba yaliyoloweshwa. Alikuwa anampelekea mama yake, akataka tufuatane.

Alitusimulia mimi na mama yake pale kambini, amechuchumaa. Wazee wa kilima walikusanyika barabarani. Boma halikuwepo, hata ukuta mmoja, nyasi tupu. Miti miwili ilikuwepo. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kulima viazi upande wa kushoto, naye alikuwa amesimama hapo na nduguze. Mzee mkubwa akasema maneno yale yale, nenda uweke mkono. Onesimo hakuitoa picha, alikuwa ameshaijua yote kwa kichwa. Alitembea kwenda mti wa kushoto, akapita chini ya tawi bila kukanyaga pale alipoambiwa, akaweka mkono juu ya kovu la mzinga. Wazee wengi hawakujua hata kama kovu lile lipo. Mmoja wao, aliyekuwa amerina asali na baba yake, ndiye aliyelijua, na huyo akaanza kulia.

"Wakaniachia," Onesimo akasema. "Yule wa viazi tumemwacha avune kwanza. Mama, nimepafyeka pale chini ya tawi. Nimeweka msalaba. Nyumba imefika kwenye madirisha."

Bibi Daforoza alishika kile kijiti cha umuvumu, akakinusa. Kisha akaimba. Sauti yake ilikuwa nene na ya nguvu, sikuwahi kuisikia kabla, na wanawake wa vibanda vya jirani wakatoka wakiimba naye, wakipiga makofi kwa mpigo wa kwao. Nami nilicheza, nisiyejua kucheza. Vile vigelegele nilivyovitamani siku ya kwanza nilivipata siku ile, na vilikuwa vingi kuliko nilivyoweza kubeba.

Miguu yake ilipopata nafuu, alikwenda kwao. Alipanda lori kwa miguu yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kile kijiti alinipa mimi, kwa kuwa alisema yeye anakwenda kwenye mti wenyewe. Nilikichomeka hapa uwanjani kikaota, nao ndio mti ule, pale ninapoanikia karatasi zangu.

Niliwahi kwenda kumwona, miaka kadhaa baadaye. Nilivuka kwa boti mpaka upande wao, nikapanda kilima na mchoro wangu mkononi, nikasimama barabarani nikitazama boma. Mwanangu, mti ule nilikuwa sijauona hata siku moja kwa macho yangu. Niliinua karatasi, nikaishusha. Tawi, kovu, mzizi. Na juu ya mzizi amekaa mwanamke mzee, anamenya maharage, anacheka kwa sababu ameniona ninavyosimama na kuinua karatasi. Sasa naye amelala pale pale chini ya tawi, kando ya mumewe, upande wa kushoto. Wajukuu zake hawahitaji picha.

Leo kabati hilo lote unaloliona limejaa mabati ya miti ya watu. Tuliwahi kuitundika michoro yote pale mjini, na niliona wazee wa Burundi na wazee wa hapa wakitembea polepole ukutani mpaka mmoja anaposimama na kusema, huu ni wetu. Hapo huwa nasogea karibu nisikie. Sioni haya kukwambia kwamba najivunia. Nimefanya kazi yangu vizuri, na mtu aliyefanya kazi yake vizuri ana haki ya kukaza kilemba.

Basi nasaha zangu ni hizi, uzichukue au uziache. Mtu akikuletea kitu chake, hata kama wewe umeona vya namna ile mia, usimwambie vyote ni sawa. Kwake si sawa. Muulize alisimama wapi alipokitazama, nawe usimame hapo hapo. Njia ya kazi inayokuumiza shingo, kama fundi wako ameiweka, usiiache kwa sababu hakuna anayeona. Yupo atakayeona, na huenda ndiye mmoja ambaye ulimfanyia kazi yote hiyo. Na ukikosea, usicheke. Sema nimekosa siku hiyo hiyo, kabla lori halijaondoka, kisha kaa chini ufanye upya. Aibu ya siku moja haikuui. Mimi ilinipa kazi ya maisha.

Nakuombea mkono mtulivu na macho yasiyochoka upesi. Mungu akupe wa kukuambia ukweli wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, akupe na moyo wa kumpigia magoti. Popote utakapopelekwa na maisha, uwe na mti unaokujua, na watoto wako waufikie bila kuuliza njia. Sasa nyanyuka. Kioo kiko pale juu ya meza, kifute vumbi, uniletee na spoku.